Meza ya Rauta na Magoti ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu husafiri kutoka Lindi na kigoda chake mwenyewe. Hukifunga kwenye kanga, akakipakata ndani ya basi safari nzima, na akifika hushuka nacho kwanza, begi baadaye. Watu wa uani kwetu Gerezani wanadhani ni mila ya kusini. Si mila. Ni mimi.

Miaka mitatu iliyopita nilimtengenezea stuli. Niseme mapema kwamba mimi si seremala. Ni karani wa masjala katika ofisi moja kule Posta, na kazi yangu hasa ni kutafuta mafaili ambayo wengine wameyaficha wakasahau walikoyaficha. Useremala ulinipata ukubwani, kama wengine wanavyopatwa na siasa. Stuli ile niliipiga rangi, nikaiweka uani, nikamkaribisha mama mkwe mwenyewe. Akakaa, akapewa chai. Alipofika nusu ya kikombe mguu mmoja ukachomoka, ukafuata wa pili, na mama wa watu akateremka taratibu mpaka sakafuni. Chai haikumwagika hata tone. Akaimalizia palepale chini, kisha akamgeukia mke wangu.

"Mwambie mumeo chai nzuri."

Hilo la "mwambie mumeo" linahitaji maelezo. Kwa kina mke wangu, mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Hawali sahani moja, hawakai kiti kimoja, hawatazamani usoni. Salamu tunapeana, "Shikamoo mama," "Marahaba," kila mtu akiangalia upande wake, na baada ya hapo maneno yote hupitia kwa mke wangu, hata kama tumesimama hatua mbili na sote tunasikiana vizuri kabisa. Kwa hiyo hata radhi niliomba kwa mdomo wa mtu mwingine, na nina hakika mke wangu aliyapunguza maneno njiani.

Safari iliyofuata mama mkwe akaja na kigoda. Alikifungua kutoka kwenye kanga, akakiweka katikati ya uani mbele ya wapangaji wote, akakikalia.

Mwaka huu mke wangu akaniambia mama anakuja mwezi ujao, ana miadi na daktari wa macho.

"Karibu yake," nikasema.

"Anakuja na kigoda."

"Najua."

"Hujui, baba watoto. Magoti ya mama yamekwisha. Kile kigoda kiko chini mno, kila akinyanyuka anamwita Mungu. Anajitesa vile kwa sababu haamini kiti cha nyumba hii."

"Si tuna viti vya plastiki?"

"Anadhani umevigusa."

Nilicheka, halafu nikaona yeye hacheki. Siku nzima ile kazini lilinikaa kifuani. Kuchekwa nimezoea, lakini kumuumiza bibi wa watu magoti kwa ajili ya stuli moja iliyooza misumari, hapana, hiyo ilinitia aibu ya kweli. Nikaamua kwamba safari hii mama mkwe atakaa kwenye benchi la mninga, refu la kutosha magoti yake, na atakaa mbele ya wapangaji walewale.

Tatizo la stuli ile lilikuwa miguu. Ncha ya juu ya kila mguu huchongwa ulimi unaoingia kwenye tundu la kiti, na ulimi ukiwa mwembamba hata kidogo mguu unacheza. Mimi ndimi zangu nilizichonga kwa rauta, ile mashine ya umeme yenye jino linalozunguka kwa kasi, nikiwa nimeishika mikononi. Rauta mkononi mwangu ilikuwa inakwenda inakotaka yenyewe. Dawa yake ni meza ya rauta: unaigeuza mashine, unaifunga chini ya meza, jino lake linachomoza juu kupitia tundu la katikati, halafu unachosogeza ni mbao. Mashine imetulia, mkono umetulia, na ulimi unatoka sawasawa. Nilijifunza hayo kwenye simu, kwa mzungu mmoja mwenye karakana safi kuliko hospitali. Alisisitiza jambo moja tu: kila kitu ni uso wa meza. Uwe umenyooka kabisa, uwe unateleza, usivimbe, usijikunje.

Karakana yangu ni kona ya uani kati ya bomba la maji na jiko la mama wa chumba cha mbele, ambaye huuza chapati. Kitu pekee kinachoweza kukaa pale bila kuvimba wala kujikunja ni tofali.

Nikaingia Kariakoo na gololi mfukoni. Nilikuwa na hesabu yangu: ubao ulionyooka, gololi itatulia, uliopinda, gololi itakimbia. Duka la kwanza nikaomba kipande cha plaiwudi, nikakilaza juu ya ndoo ya rangi, nikaweka gololi. Ikakimbia. Cha pili, ikakimbia. Nilikataa vipande sita, na watu wakaanza kukusanyika.

"Mzee, unapiga ramli?" muuzaji akauliza.

"Napima. Mbao zako zote zimepinda."

"Bosi wangu, sakafu ndo imelala. Maji ya mvua yatoke. Weka hata kioo hapo, gololi itaenda mlangoni tu."

Watu walicheka kwa raha zao. Nilinunua plaiwudi ile ya sita kwa hasira, nikanunua na rula ya chuma, kifaa ambacho mtu mwenye akili angeanza nacho. Unaisimamisha kwa ukingo wake juu ya ubao, unainama, unaangalia kama mwanga unapita chini yake. Plaiwudi haikupitisha mwanga siku ya kwanza. Siku ya nne nilikuta imejikunja kama dagaa kwenye kikaango, kwa hewa tu ya uani kwetu. Mama wa chumba cha mbele akaiomba, akaiegemeza mbele ya jiko kukinga upepo, na mpaka leo inafanya kazi hiyo vizuri.

Nikahamia MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Niseme ukweli, niliupenda. Umenyooka kama maji kwenye beseni, mwororo, mzito wa heshima. Niliulaza juu ya matofali nikaenda kuulizia vanishi ya kuuziba. Niliporudi, mama wa chumba cha mbele alikuwa amekwisha kufulia shuka zake juu yake.

"Pole, baba. Nilidhani umetutengenezea sehemu ya kufulia. Nikasema, huyu baba kabadilika."

Ubao ulikuwa umevimba pembe zote kama andazi. Nilikasirika, nikaingia ndani, nikatoka kumwambia maneno, nikakuta ameniwekea chapati mbili kwenye kifuniko. Ni vigumu kugomba na mtu huku unatafuna.

Nikasema basi, sasa naleta kitu ambacho maji wala hewa ya Dar haviwezi kukifanya lolote. Hapahapa Gerezani wapo mafundi wanaokata mawe ya graniti kwa ajili ya majiko ya wenye nazo. Wakitoboa nafasi ya sinki, kile kipande kinachotoka hubaki kimeegemezwa ukutani hakina kazi. Nilisimamisha rula juu ya kimoja, nikainama, giza tupu. Fundi akanipa kwa bei ya kuondoa uchafu. Mzee wa mkokoteni alikivuta mpaka kwetu akinilaani kimoyomoyo, wakati mwingine kwa sauti. Watu wanne wakakiingiza koridoni, mmoja wao akaumia kidole, tukakilaza juu ya stendi mbili imara nilizozigonga kwa mbao za kuezekea.

Kisha nikakumbuka kwamba uso wa meza ya rauta unahitaji tundu katikati.

Nilivunja keekee tatu za kutobolea. Graniti ilibaki na alama ndogo, kama imeumwa na mbu. Nilipokwenda kutafuta ya nne, mama wa chumba cha mbele akasogea, akatupa donge la unga juu ya jiwe, akasukuma.

"Haugandi! Jamani, unga haugandi! Baba, Mungu akuzidishie."

Kesho yake asubuhi chapati zilikuwa zimepangwa juu ya uso wa meza yangu mwisho mpaka mwanzo, na wateja wamesimama foleni mpaka koridoni. Mke wangu aliniangalia, akaangalia foleni.

"Umetafuta meza mwezi mzima," akasema, "umewafungulia watu mgahawa."

Zilibaki siku kumi mama afike. Jioni moja nilikuwa narudi kwa miguu kutoka kazini, nikapitia Msimbazi. Kuna mgahawa wa chai pale nilimokuwa nikinywa tangu sijaoa. Wenyewe walikuwa wanabadilisha samani, na meza zao za zamani walikuwa wamezitoa nje zimerundikwa barazani. Meza za fomaika, ile karatasi ngumu inayong'aa inayogandishwa juu ya ubao mnene. Rangi ya kijani, mistari kama mawimbi, duara za vikombe zisizofutika, na kwenye kona alama ya sigara ya mtu ambaye huenda sasa ni babu. Nikatoa rula. Nikainama palepale barazani na suti yangu ya kazini. Mwanga haukupita. Nikajaribu mshazari. Haukupita. Meza ile ilikuwa imeegemewa na viwiko vya mji mzima, ikamwagiwa chai kila siku ya Mungu, na ilikuwa imenyooka kuliko kitu chochote nilichokwisha kununua kipya. Nilitaka kuibusu, ila watu walikuwa wananiangalia.

"Nataka uso wake tu," nikamwambia mwenye mgahawa. "Miguu baki nayo."

"Miguu bila meza nimpe nani? Chukua vyote, mzee, acha utani."

Nikabeba vyote kichwani. Nilitoboa tundu, nikafunga rauta kwa chini, jino likachomoza katikati ya mawimbi ya kijani, na nikapandisha miguu kwa vipande vya mbao ili niwe nafanya kazi nimesimama. Nikachomeka umeme, nikasogeza kipande cha mninga. Kikakwama. Nikasukuma, kikaruka, kikakwama tena. Sukari ya miaka yote ile ilikuwa imeganda juu ya fomaika, huioni kwa macho lakini mbao zinaijua. Nilisugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa limau. Ikapungua, haikuisha. Ulimi uliotoka ulikuwa na ngazi.

Siku mbili baadaye nilirudi kutoka ofisini nikasikia uani sauti ya mama mkwe. Alikuwa amepata lifti ya jamaa yao na kuwahi kwa wiki nzima. Nikatoka koridoni na tabasamu langu tayari, nikasimama.

Mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya meza yangu ya rauta, kanga kaifunga kiunoni, kifuu cha nazi mikononi, anakizungusha juu ya jino la mashine. Nazi ilikuwa inadondoka nyeupe juu ya fomaika. Vifuu vinne vitupu vilikuwa pembeni. Kigoda chake kilikuwa kimegeuzwa kimewekewa kuku wa kuchinja.

Waya wa kurefushia umeme nilikuwa nimeuchomoa. Nilihakikisha mara mbili kabla ya kupumua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akasema, akiuangalia ukuta. Halafu, kwa mke wangu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikinihusu: "Mwambie mumeo nimeiona. Mbuzi ya kusimama! Mie tangu nizaliwe nakuna nazi nimekaa chini, magoti yanalia. Hakuna aliyefikiria. Mwambie kumbe ana akili."

Mke wangu alinigeukia. Usoni mwake palikuwa na kicheko kimezuiwa kwa nguvu zote, na pia ombi. Miaka mitatu nilikuwa nimeusubiri msemo huo wa "ana akili". Sasa umekuja, umekuja kwa mbuzi ambayo si mbuzi. Nilifungua mdomo niseme ukweli. Nikasema, "Mwambie mama asante."

Basi nikawa nimejifunga mwenyewe. Kila siku mama mkwe alikuna nazi kwenye rauta yangu, na alipomaliza akawaita wapangaji wengine waje wajaribu. Waya niliuficha masjala, ndani ya faili ambalo najua hakuna atakayelitafuta. Wali wa nazi tuliokula siku zile ulikuwa na wekundu kidogo na harufu ya mninga, na mama mkwe akasema nazi za Dar ni tofauti na za Lindi. Na benchi? Vipande vilikuwa chini ya kitanda. Yeye bado alikuwa akila amekaa kwenye kigoda chake, na kila alipokinyanyukia nilisikia, "Ya Rabi." Nilikuwa nasifiwa asubuhi na kuhukumiwa jioni.

Siku ya daktari nikaomba ruhusa kazini, nikarudi na waya wangu. Mke wangu na mama yake walipotoka kwenda kupanda mwendokasi, nikaanza kazi. Nilisogeza mguu wa kwanza kwenye jino nikitegemea ukwame. Haukukwama. Uliteleza moja kwa moja, ulimi ukatoka umenyooka, mpana sawa mwanzo hadi mwisho. Nikapitisha kiganja juu ya fomaika. Tui la siku zote zile na chicha aliyokuwa akifutia vilikuwa vimefanya kazi ambayo sabuni, majivu na limau vilishindwa. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Nilichonga miguu yote minne, nikaviringisha kingo za kiti, nikagonga ndimi kwenye matundu, na kila mmoja uliingia kwa kulazimishwa, kama inavyotakiwa.

Nilikuwa kwenye ukingo wa mwisho, mashine inanguruma na vumbi jekundu linaruka, nilipoona sandali mlangoni. Wamerudi. Daktari alikuwa amemalizana nao mapema.

Nikazima. Mama mkwe aliitazama mbuzi yake ya kusimama ikizunguka polepole mpaka ikasimama. Akavitazama vidole vyake, kimoja kimoja. Akavihesabu, nadhani.

"Mwambie mumeo," akasema hatimaye, "mbuzi yake inakula mbao."

"Mwambie mama," nikasema, "haikuwa mbuzi. Ni meza ya kutengenezea benchi lake. Nilifurahi kusifiwa, nikashindwa kusema. Mwambie waya sikuwahi kuuacha hapa. Mwambie anisamehe na hili, na ile stuli."

Safari hii mke wangu hakupunguza hata neno. Aliyarudia yote, polepole, huku mama yake akiwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Mama wa chumba cha mbele aliacha kusukuma chapati. Wapangaji walitoka vyumbani mmoja mmoja, maana uani kwetu kitu kama hiki hakipiti bila mashahidi.

Benchi lilikuwa katikati, bado lina vumbi. Mama mkwe alilizunguka. Akalitikisa kwa mkono, upande huu na upande ule. Halikucheza. Akapitisha kidole kwenye ukingo.

"Mwambie akae kwanza yeye."

Ni haki yake. Nilikaa. Nilikaa katikati kabisa ili uzito uende miguu yote, nikanyanyua na nyayo zangu kutoka sakafuni ili asiseme ninalisaidia. Niliangalia magoti yangu. Nilikuwa nimekwisha kupanga kwamba akiridhika nitanyanyuka haraka nimpishe, maana mtu na mama mkwe wake hawakai kiti kimoja, hilo hata mtoto wa Lindi analijua.

Nikaanza kunyanyuka.

"Nani kamwambia ainuke?" mama mkwe akamuuliza mke wangu. "Mwambie asogee."

Nikasogea. Akageuka, akakusanya kanga yake, akakaa kando yangu, kila mmoja akiangalia ukuta wake. Benchi halikulia. Baada ya muda aliomba chai ya watu wawili, na alipoletewa aliniwekea kikombe changu hapo katikati yetu.